Kikombe Nilichomwaga Mbele ya Mgeni

Bwana asifiwe.

Ehe! Leo mmeitikia mpaka bati limelia. Mwaka jana nilikuwa nawasalimia njiani, mnageuza shingo mnaangalia mihogo, kana kwamba mihogo ndiyo iliyotoa salamu. Basi kaeni, msinipigie makofi. Wazee wa kanisa wameniomba nitoe ushuhuda wa kushukuru kwa ajili ya kisima. Nitashukuru. Lakini nitaanzia mahali ambapo wao hawapataki, na sitaji jina la mtu. Atakayeona nimemtaja, ajue ni roho yake inamtaja.

Wote mnajua kile kisima tulichochimbiwa na wafadhili. Pampu ya sola, simtanki juu, mabomba chini. Kabla ya hapo tulikuwa tunachotaga lambo pamoja na ng'ombe. Wao wanaingia upande ule wanakojoa, sisi tunachota upande huu. Kisima kikaja, matumbo ya watoto yakatulia. Halafu pampu ikaungua. Fundi alikuja kusema baadaye kwamba kuna nyumba ilijivutia waya kutoka kwenye sola, ikawa inaangalia mpira. Sisemi nyumba ya nani. Mwenyewe anajifuta jasho hapo.

Tukarudi lambo kimya kimya. Mara tukasikia wafadhili wanakuja kututembelea. Ndugu zangu, nawaambia, mtu mwenye akili angesema: wageni karibuni, pampu imekufa, tusaidiane. Kamati ikasema hapana. Wakiona imekufa watasema hatujui kutunza, na kile kisima cha pili walichoahidi kitongoji cha chini hawatachimba. Kwa hiyo tukafanya nini? Wanawake tukabebeshwa ndoo, tukapanda ngazi, tukajaza simtanki maji ya lambo, ili mgeni akifungua bomba maji yatoke. Mmesahau? Hata shingo zenu zimesahau?

Wageni wakaja. Ngoma, vigelegele, kanga mpya. Mimi nikapewa kazi ya kumkabidhi kikombe mama mmoja wa kizungu, mwenye mvi kama mimi, ambaye walisema ndiye aliyehangaikia kisima hiki huko kwao. Bomba likafunguliwa. Matope yalikuwa yametuama chini ya tanki, ukiyaona yale maji utasema ya mvua. Nikajaza kikombe. Yule mama akanyoosha mikono yote miwili, akapiga goti kidogo, sijui nani alimfundisha. Machozi ya furaha yanamlengalenga.

Jamani. Mimi nimelelewa kwamba mgeni akila kwako akaumwa, aibu ni ya ukoo mzima. Nikashindwa. Nikamwambia, "Mama, usinywe. Haya ni maji ya ng'ombe." Mkalimani akamtazama mwenyekiti wa kamati, akasema kizungu chake. Nikaona mama anacheka, anazidi kunyoosha mikono. Nikajua hajaambiwa. Nikakimwaga kikombe chote chini, mbele ya miguu yake.

Mh! Mwenyekiti akawaharakisha wageni kwenye gari.

Gari za wageni hazijafika barabara kubwa, wazee wa mila wameshaitisha mkutano. Eti nimewafukuzia watu baraka, nimemtukana mgeni, nimekiua kisima cha kitongoji cha chini. Nikatengwa. Kama kuna mgeni humu ndani, nimweleze: ukitengwa kwetu hakuna wa kukusalimia, hakuna wa kukupa moto wala chumvi, mashine haikusagii, na maji ya kijiji huyagusi, yawe ya bomba yawe ya lambo. Atakayekuhurumia anatengwa na yeye. Hata humu kanisani nilikuwa nakaa benchi peke yangu. Mchungaji aliniombea, sikatai. Aliniombea kwa mbali.

Mimi ni mjane, nalea mjukuu mdogo. Nikawa nafukua mchanga korongoni, nachota kwa kata maji ya chumvichumvi. Kiangazi kikakaza, korongo likakauka kabisa. Mtoto akaanza kuharisha. Midomo imepasuka, analia machozi hayatoki. Binti yangu aliyeko Musoma, kule Kitaji, hana habari, kwa sababu simu yangu imezima na kuichaji dukani nimekatazwa. Nikakaa mlangoni nimempakata mtoto, nikawachukia. Nasema mbele ya madhabahu: niliwachukia wote, na wengine niliwachukia mara mbili.

Sasa sikilizeni hapa. Boma letu lina nyumba mbili. Ng'ambo ya ua yuko mke mwenzangu, yule mkubwa. Tangu tumzike mume wetu tunagombania shamba la bondeni. Hata kabla sijatengwa tulikuwa hatusalimiani. Basi huyo ndiye aliyekuja. Alichota lambo, akapita njia kuu na ndoo kichwani, jua la mchana, mbele ya duka wanapokaaga wanakamati. Hakuzunguka nyuma. Mmoja akamwita, "Mama, unajua unakoenda?" Akamjibu, "Nyumbani kwangu." Akapita.

Akaenda jikoni kwake, akayachemsha, akayapoza, akaja kuyatua mlangoni pangu.

"Sijaja kukusalimia," akasema. "Na lile shamba bado nalitaka. Lakini mtoto wa boma hili hafi kwa kiu mimi naangalia."

Akakoroga sukari na chumvi kama tulivyofundishwa kliniki, akamchukua mtoto, akamnywesha kwa kijiko, taratibu, mpaka mtoto akafumbua macho. Mimi nililia kama nimefiwa. "Acha kelele," akaniambia, "shika kijiko, mkono umechoka."

Wakamtenga na yeye. Tukawa wawili, tukawa tunafukua mchanga pamoja na kugombana pamoja. Kutengwa mkiwa wawili, ndugu zangu, kunavumilika. Mnakuwa kama mmehamia kijiji kingine tu.

Kilichofuata mnakijua. Dereva wa wale wageni ni mtu wa hapa Mara, wa Iringo, alisikia nilichosema. Njiani akamwambia yule mama neno kwa neno. Mama akarudi, safari hii bila ngoma, amekuja na fundi na pampu mpya. Na kisima cha pili kikachimbwa kitongoji cha chini, kilekile mlichosema nimekiua. Akaomba ufunguo wa bomba ashike yule aliyemwaga kikombe. Ala! Ghafla nikawa dada, nikawa shangazi, mkaja na kuku.

Basi namshukuru Mungu. Namshukuru mama yule, angeweza kukasirika asionekane tena. Namshukuru dereva, aliyejua kutafsiri bila kumwangalia mwenyekiti. Na mke mwenzangu, simama wakuone. Hataki. Haya, kaa, tutagombana nyumbani. Mtoto ndiye yule, anakimbia nje na wenzake.

Na somo ni hili. Mficha uchi hazai. Msaada ukiharibika, sema umeharibika. Mtu aliyekuchimbia kisima kutoka mbali si adui wa kufichwa, na anayesema ukweli mbele yake si mchawi.

Wazee wameniomba nimalizie kwa kusema nimewasamehe. Mchungaji ananitazama hapo. Mchungaji, sijafika. Kila asubuhi namwomba Mungu anifikishe, na kila asubuhi nikiwaona, bado. Lakini maji sitamnyima mtu, hata yule mwenye televisheni. Kunyimwa maji nakujua, simtakii mtu.

Ufunguo huu hapa, nimeufunga kwenye pindo la kanga. Kesho asubuhi nafungua. Ndoo ya kwanza ni ya mke mwenzangu. Wengine pangeni mstari, na kila atakayefika bombani anisalimie kwanza, kwa sauti, wenzake wasikie.

Nitaitikia.