Zimeni Simu, Tusikilize Injini

Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililoegemea ukuta wa duka la vifaa vya ujenzi, na kila anayelikalia ni mtaalamu wa kazi asiyoifanya. Sisemi kwa ubaya, hata mimi nimo. Yupo Masikio, aliyekuwa fundi wa redio mpaka watu wakaacha kutengeneza redio, anayedai hakuna mlio duniani usiomwambia siri yake. Yupo Nyundo, seremala, ambaye dawa yake kwa kila ugonjwa ni hilo hilo jina lake. Yupo na Mheshimiwa, aliyegombea uenyekiti wa mtaa akabwagwa, na tangu siku hiyo haamini kwamba kuna jambo linalotokea lenyewe bila mkono wa mtu. Asubuhi hiyo akaja Taratibu na gari yake. Injini ilikuwa imeshushwa, ikafunguliwa yote, ikatiwa pistoni na ringi mpya, ikafungwa upya. Ndiyo kwanza anaitoa gereji. Alikuwa anapita tu, anakwenda hospitali kumchukua dada yake mkubwa aliyekuwa amepasuliwa goti na leo wamemruhusu. Mdogo wao wa mwisho alitaka kumfuata na gari ya kazini, dada akakataa. "Taratibu amesema atanifuata na gari yake. Nitamngoja yeye." Na huyo dada ndiye aliyemlea Taratibu tangu mama yao alipofariki. Basi Taratibu, kwa furaha yake, akasimama kutusalimia.

TARATIBU: Wazee, habari za asubuhi! Sikieni chuma kilivyofufuka.

MASIKIO: Usizime! Nyamazeni wote. Hiyo nini hiyo?

TARATIBU: Ipi?

MASIKIO: Tik, tik, tik. Husikii?

TARATIBU: Aa, fundi amesema ni kawaida. Injini ikifungwa upya inakuwa na kelele kidogo na moshi kidogo. Niiendeshe mdogo mdogo, nisiikanyage, ringi zikishakaa itatulia.

MHESHIMIWA: Nani kasema?

TARATIBU: Fundi aliyeifunga.

MHESHIMIWA: Aliyeifunga! Mtuhumiwa anakwambia hana hatia, na wewe unamshukuru, unaondoka?

Taratibu akaangalia gari, akatuangalia sisi, akaja kukaa ukingoni mwa benchi. Muuza kahawa akamwekea kikombe. Ukishapewa kikombe pale kijiweni, umekwisha.

MASIKIO: Kwanza zimeni simu zenu. Simu ikiita, mawimbi yanaingia kwenye plagi, nasikia vibaya.

TARATIBU: Dada anaweza kupiga, bwana.

MASIKIO: Kwa hiyo unataka kumpakia mgonjwa kwenye gari mgonjwa? Zima.

Akazima. Na mimi nikazima yangu, ingawa hakuna aliyenipigia tangu juzi. Gari ikaachwa inanguruma mbele yetu, maana daktari hawezi kumpima mgonjwa aliyelala. Boneti hakuna aliyeifunua. Masikio alikataza, alisema ukifunua sauti inatawanyika.

NYUNDO: Mimi nawaambia hapo ni ukaidi tu. Pistoni imekaa kombo. Unafungua, unagonga moja hapa, moja hapa, inanyooka. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

MASIKIO: We Nyundo, pistoni si msumari. Hiyo ni valvu. Pistoni mpya, valvu ya zamani, hazijuani hizo. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nikamuuliza, sasa hapo mwenyeji amepona wapi?

MASIKIO: Si ndiyo anagonga! Anaomba apone!

MHESHIMIWA: Mnahangaika na milio. Mimi nina swali moja. Taratibu, injini uliyoipeleka ndiyo uliyorudishiwa?

TARATIBU: Ndiyo, ni ile ile. Naijua, nimekaa nayo miaka.

MHESHIMIWA: Uliijua kwa nje. Ndani uliwahi kuingia?

TARATIBU: Mimi? Ndani ya injini?

MHESHIMIWA: Basi hujui. Kikulacho ki nguoni mwako. Ganda ni lako, utumbo ni wa mtu mwingine.

NYUNDO: Hee! Na huyo mtu mwingine anatembelea utumbo wa Taratibu?

MHESHIMIWA: Anaringa nao mjini sasa hivi.

Taratibu akainuka. Jamani, akasema, dada ananingoja, mimi naenda nayo hivyo hivyo. Akafika mpaka kwenye mlango wa gari, akaushika. Laiti tungekuwa watu wa kunyamaza.

NYUNDO: Haraka haraka haina baraka. Ikikufia njiani, na goti la mwenzako lina nyuzi, utambeba mgongoni?

Hapo ndipo alipommaliza. Mkono ukaachia kitasa. Uso wa Taratibu ulikuwa wa mtu anayeogopa kweli, maana kila tulichokisema sisi kwa kujifurahisha, yeye alikiona kikimtokea dada yake katikati ya barabara. Nilimhurumia sana, lakini kahawa yangu ilikuwa bado ya moto. Akarudi, akakaa.

MASIKIO: Kaa, mdogo wangu. Hii kesi nakaribia kuimaliza. Sikiliza, injini ina mazoea. Imekaa na pistoni zake miaka yote, leo zimeng'olewa. Ile tik tik ni kilio. Zile za zamani ulizitupa?

TARATIBU: Ziko gereji.

MASIKIO: Kaziombe, uziweke chini ya kiti. Ijue ziko karibu.

NYUNDO: Injini inaona chini ya kiti?

MASIKIO: Inahisi! Damu nzito kuliko maji.

NYUNDO: Hapana. Kilio dawa yake ni kushtuliwa. Tuipandishe pale mlimani, tuiachie ishuke yenyewe, mbele tuweke gogo. Ikigonga gogo, kila kitu ndani kinarudi mahali pake.

TARATIBU: Na gari?

NYUNDO: Gari utatengeneza. Tunaongelea injini hapa.

MHESHIMIWA: Msiiguse! Huo ni ushahidi. Tazameni ule moshi, saa ile ulikuwa mweupe, sasa una bluu. Na mpinzani wangu rangi yake ya kampeni ilikuwa ipi?

Tukaugeukia moshi. Nikiri, hata mimi niliuona una bluu. Kivuli kilishatuhama, jua likawa magotini, muuza kahawa akaijaza birika upya, na gari inanguruma tu, maskini, haina hatia wala mtetezi. Taratibu alikuwa anageuza simu yake iliyozimwa mkononi, anaipangusa kioo, anaigeuza tena. Mara gari ikakohoa. Ikatikisika. Ikanyamaza.

MASIKIO: Mmesikia? Mmesikia?

NYUNDO: Sisikii kitu.

MASIKIO: Ndiyo! Haigongi tena! Imepona!

Taratibu akaikimbilia. Akawasha. Ikalia krr, krr, krr, basi. Akainama kwenye dashibodi, akakaa hivyo hivyo ameinama.

TARATIBU: Mafuta yamekwisha.

MHESHIMIWA: Gari imesogea?

TARATIBU: Haijasogea.

MHESHIMIWA: Hata shubiri?

TARATIBU: Hata shubiri.

MHESHIMIWA: Sasa mafuta yamekwenda wapi? Wananchi, gari haijaenda popote na tangi ni kavu! Kuna mtu anayanyonya. Na ni wa mtaa huu huu. Na nikimtaja mtasema nina kinyongo cha kura.

MASIKIO: Mimi nilisikia kama mtu anafyonza, nikajua ni Nyundo na kahawa yake.

Nyundo akalala chini kabisa kumtafuta mwizi uvunguni mwa gari. Alikuwa bado huko, miguu tu ndiyo inaonekana, pikipiki iliposimama. Nyuma amekaa mama mmoja, mguu umenyooshwa pembeni na bandeji nene gotini, mkongojo umelazwa mapajani, mfuko wa nguo kifuani. Wote tukasimama.

— Shikamoo, dada.

— Marahaba. Taratibu, simu yako ina nini?

— Niliizima, dada. Tulikuwa tunaisikiliza injini.

— Mimi nilikuwa nje pale, kwenye benchi. Kitanda wameshampa mwingine. Kila gari ikiingia getini nainuka, nasema huyo amefika. Nimeinuka mpaka nesi akaniambia, mama, hilo goti tutalishona tena.

— Gari mbovu, dada.

— Haiwaki?

— Iliwaka. Imewaka tangu asubuhi, ndiyo kwanza imezima sasa hivi.

— Haitembei?

— Inatembea. Ndiyo niliyokuja nayo mpaka hapa.

— Sasa mbona hukuja?

Hakuwa anagomba. Angegomba tungepona. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua, akamngoja ajibu. Masikio akainamia kikombe chake. Nyundo alikuwa ametoka uvunguni, ana vumbi mgongoni, anatafuta pa kuweka mikono. Mheshimiwa akaanza, "Wahenga walisema..." halafu hakuendelea, sijui walisema nini. Na mimi nikajifanya naiwasha simu yangu. Dada akatuangalia mmoja mmoja mpaka mwisho wa benchi, kisha akamgusa kijana wa pikipiki begani.

— Twende, baba. Polepole, linauma.

Taratibu akampokea mfuko wa nguo na mkongojo, akaifuata pikipiki kwa miguu. Gari aliiacha mlango wazi, na hakuna kati yetu aliyenyanyuka kuufunga.