Sumu Mbili Ndani ya Chumvi

Gari la Matemwe lilipita Mahonda, na Khamisa, mwalimu anayekwenda kuanza kazi, bado anabishana na Bi Mwanapili, abiria mwenziwe aliyepakata kikapu cha chumvi.

"Sodiamu peke yake huunguza, Bi, klorini huua. Sodiamu ikiipa klorini elektroni yake moja, zikaungana, ndiyo chumvi."

"Kumbe nshalea wanangu saba kwa sumu! Na huyo sodiamu kwa nini akubali kutoa chake?"

Khamisa alikifunga kitabu cha kemia alichokuwa akimsomea, akafikiri. "Elektroni yake ya nje haivutwi sana na kiini. Klorini iko upande wa pili wa jedwali la elementi, kiini chake kina mvuto mkubwa. Huichukua elektroni hiyo, kisha zote mbili hushikana."

"Hapo umesema kwa akili yako," Bi Mwanapili alisema, akigonga ubao wa gari ili ateremke. "Wambie watoto hivyo hivyo. Ila chumvi yangu si sumu."