Mikono Baridi ya Wamae

Pale Gatitu, kando ya fundi wa pancha, kuna benchi la mbao ambalo miguu yake minne haijawahi kukubaliana. Watu wa huko hulima kahawa na kunywa chai, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulieleza vizuri, na chai yenyewe ni ya Monicah, anayeimimina kutoka thermosi kubwa tangu alfajiri. Alhamisi hiyo ya Julai, ukungu ukiwa bado barabarani, Wamae alikuja akichechemea, suruali ina tope la kwato gotini. Ng'ombe wake alikuwa amempiga teke alipokuwa akimkama. Akakumbatia kikombe kwa mikono miwili, asinywe.

— Tena? akauliza Spika. Kwao anaitwa Gatimu, lakini kijiweni ndiye huamua nani aongee.

— Tena. Nikimshika tu, anaruka. Mikono iko baridi, miguu pia. Hata mimi ningejipiga teke.

— Na ile inhela ya pumu uliacha?

— Niliacha Jumapili.

Mwai, aliyeketi kando ya Spika, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Yeye ndiye aliyeshauri iachwe. Aliwahi kuuza dawa za mifugo mjini Kutus kwa miezi minne, na tangu hapo anaitwa Daktari, naye huitika. Wamae alimwamini kwa sababu hesabu ilikuwa rahisi: inhela alipewa Mei, mikono ikaanza kuwa baridi Juni. Na mtu mwenye hofu hapendi hesabu ngumu.

— Ile kitu ndani ni gesi, Daktari akasema. Ukijipulizia kwa kiganja, si unaskia baridi? Sasa hiyo baridi inaenda wapi? Inashuka mpaka kwa vidole, inakaa huko. Haba na haba hujaza kibaba.

— Wacha bana, Spika akamkata. Ni damu. Ukivuta hiyo dawa, kifua inaita mkutano. Damu yote inaenda, huku chini hakubaki mtu. Si wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu?

— Hiyo methali inaingia wapi? Monicah akauliza.

— Kwa miguu.

Wamae akacheka. Kicheko kilifika katikati kikageuka kikohozi, na nyuma ya kikohozi akasikia mluzi mwembamba kifuani. Ulikuwa umeanza jana jioni. Hakumwambia mkewe Nduta, na hapa pia hakuwa na nia ya kusema. Aliogopa kukosa pumzi, ndiyo, lakini aliogopa zaidi kuonekana mjinga.

— Halafu kuna mlima, Daktari akaendelea, maana chai ilikuwa imempa nguvu. Nyumba yako si inaangalia mlima? Hiyo dawa imefungua kifua ikapita kipimo. Sasa hewa ya barafu ya huko juu inaingia bila kupiga hodi.

— Ati barafu! Monicah akaguna.

— Na zinatengenezwa kwa watu wa ng'ambo, Spika akaongeza, asije akaachwa nyuma. Huko wako na theluji. Mwili ya Wamae inadhani iko huko. Inangoja theluji, theluji haikuji.

— Hii ni Julai, mwezi wa baridi, Monicah akasema. Hata mimi mikono yangu iko baridi, na sivuti kitu. Kwani mlimuuliza mtu wa hospitali?

Spika akamnyooshea kikombe aongezewe. Kijiweni, anayemimina chai huonekana kama hana maoni.

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi Abdishakur, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Nanyuki, akingoja gurudumu la gari lake lizibwe. Alikuwa amemaliza vikombe viwili akiwasikiliza. Sasa akageuka.

— Samahani wazee. Huyu ameacha dawa siku ngapi?

— Nne, Daktari akajibu kwa fahari.

— Na mikono imepata joto?

Spika, aliyekuwa ameinua kidole kutafuta methali, akakishusha. Wamae akafungua mdomo kujibu, akalazimika kuvuta pumzi kwanza, kisha akavuta nyingine, na safari hii mluzi ukasikika na benchi zima.

— Bado, akasema. Iko... baridi vile vile.

Monicah akaweka thermosi chini.

— Inhela iko wapi, Wamae?

— Nyumbani. Kwa dirisha.

Daktari alikuwa tayari amesimama, ufunguo wa pikipiki mkononi.

— Twende. Tunapitia kwako uvute, halafu hospitali moja kwa moja. Hiyo maneno ya mikono tutawauliza wao.

— Wataniuliza... kwa nini niliacha. Nitasema nini?

Mwai akamfunga zipu ya koti hadi shingoni.

— Wewe usiseme kitu, pumua tu. Nitasema mimi. Nitawaambia naitwa Mwai, na mimi si daktari.