Safu ya Tatu: Kumuaga Mama Filimbi

Tarehe 30 Juni mwaka huu, mwalimu wetu wa michezo atarudisha ufunguo wa stoo na kustaafu, baada ya kuitumikia shule hii kwa miaka thelathini na minne bila kuhama. Katika orodha ya watumishi ana jina kamili na namba. Uwanjani, darasani na hata katika ofisi ya mwalimu mkuu anaitwa Mama Filimbi, na jina hilo ndilo litakalotumika hapa, kwa idhini yake.

Alifika akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, na sanduku moja la nguo na mpira mmoja ndani ya wavu. Alikuta uwanja wenye mteremko upande wa vyoo vya wavulana na stoo iliyojaa madawati mabovu. Wiki ya kwanza aliyatoa madawati. Wiki ya pili alichora mistari kwa chokaa. Kuhusu mteremko hakuweza kufanya lolote. Aliagiza timu zibadilishane upande kila baada ya dakika kumi, na utaratibu huo unafuatwa hadi leo.

Aliwahi pia kupewa jukumu la kutunza muda katika vikao vya walimu. Kazi hiyo aliifanya kwa muhula mmoja tu, kwa sababu alimpulizia filimbi mwalimu mkuu wa wakati ule katikati ya sentensi. Mwalimu mkuu aliketi. Kikao kilikwisha saa tisa na nusu alasiri, jambo ambalo halijatokea tena.

Timu zake zilileta vikombe vinne. Vimo katika kabati la ofisi, na anayetaka kuviona ataviona. Leo ni vyema tueleze jambo jingine, ambalo halina kikombe.

Kila andalio la somo la michezo lina safu tatu, kwa kufuata nyanja tatu za ujifunzaji. Safu ya kwanza ni ya mwili: mwanafunzi atafanya nini kwa mikono na miguu yake. Ya pili ni ya akili: ataelewa nini na ataeleza nini. Ya tatu ni ya hisia na mwenendo: atajionaje, na atawatendeaje wenzake. Walimu wengi wa michezo huijaza safu ya kwanza kwa raha, ya pili kwa kujikuna kichwa, na ya tatu wakati kengele inakaribia kulia. Mama Filimbi naye alikuwa hivyo. Kwa miaka kumi na mmoja safu yake ya tatu ilibeba sentensi moja isiyobadilika: "Wanafunzi watafurahia mchezo wa pamoja." Ofisi ya taaluma, ambayo naiongoza tangu siku hizo, iliipigia mhuri kila wiki. Tulisahihisha tarehe na alama za mkato. Hatukuuliza kama sentensi ile ilikuwa ya kweli.

Jumatano moja ya muhula wa pili, fundi cherehani mwenye duka mbele ya lango letu aliingia katika chumba cha walimu, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Binti yake alikuwa darasa la tano.

"Mwalimu, samahani kwa kukuingilia hivi," alimwambia Mama Filimbi. "Mwanangu anaumwa tumbo kila Jumanne na kila Alhamisi. Nimempeleka hospitali, wamempima, hana kitu. Sasa nakuuliza wewe: tumbo gani lina ratiba?"

Walimu walicheka. Fundi hakucheka. Jumanne na Alhamisi zilikuwa siku za michezo za darasa la tano.

Mama Filimbi alimfungulia daftari la maandalio, ili aone mwenyewe kwamba hakuna adhabu wala zoezi la kuumiza. Fundi alisoma polepole, kidole kikifuata mistari, mpaka akafika safu ya tatu. Akaisoma kwa sauti: "Wanafunzi watafurahia mchezo wa pamoja." Kisha akainua uso.

"Na wangu yumo humu?"

Kabla ya kuondoka alisema, kwa adabu, kwamba hali ikiendelea vile hadi mwisho wa mwezi, atampeleka mtoto kwa shangazi yake akasome huko. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Kesho yake fundi alimleta binti yake kwa mkono hadi ukingoni mwa uwanja. Mama Filimbi hakushughulika na saa wala filimbi; alisimama akatazama. Makapteni wawili walichagua wachezaji mmoja mmoja, kama walivyofanya siku zote. Binti wa fundi alibaki wa mwisho, na hapo mapatano yakaanza.

"Mchukueni nyinyi."

"Aa, sisi tulikuwa naye mwezi uliopita! Leo zamu yenu."

Yalisemwa mbele yake, bila ubaya wowote, kama watu wanaogawana zamu ya kufagia. Mtoto alikuwa akiangalia viatu vyake. Jioni ile nilimkuta Mama Filimbi stoo, ameketi juu ya boksi la mipira. "Nimeendesha mnada wa watoto kwa miaka kumi na mmoja," aliniambia, "nikauita somo."

Jaribio lake la kwanza halikufaa, na ni haki lielezwe. Alimpa mtoto kiti, daftari na penseli, awe mwandishi wa mabao. Tumbo likapoa. Mtoto alihudhuria vipindi viwili mfululizo, hesabu yake haikuwa na kosa, mwalimu mkuu akaridhika, nami nikaridhika. Mama Filimbi hakuridhika. "Nimempa kiti, sijampa mchezo," alisema. Wenzake walikuwa na safu tatu. Yeye alikuwa amepewa ya pili peke yake.

Ndipo alipoandika andalio jipya, akaanza na safu ya tatu. Hakuandika kwamba wanafunzi watafurahia. Aliandika mambo ambayo mtu aliyesimama ukingoni angeweza kuyaona kwa macho: kila mchezaji atamwita kwa jina yule anayempa mpira, hakuna atakayechekwa kwa kuangusha. Kutoka hapo alirudi safu ya pili: mchezaji ataeleza asimame wapi ili apatikane. Mwisho kabisa akajaza ya kwanza: kupokea kwa mikono miwili, kupitisha kwa usawa wa kifua. Makapteni wakafutwa. Vikundi viligawanywa kwa kuchota vizibo vya soda vya rangi mbalimbali kutoka kwenye ndoo, na bao halikukubaliwa mpaka mpira uwe umepita katika mikono yote ya kikundi.

Kipindi cha kwanza kilikuwa vurugu. Bao la kwanza lilipatikana baada ya dakika ishirini na mbili. Mvulana mmoja, mfungaji hodari aliyezoea kucheza peke yake, alilalamika hadharani: "Mwalimu, huu ni mpira au foleni ya maji?"

Binti wa fundi aliangusha mpira mara nne. Mara ya nne, yule yule wa foleni ya maji alimsogelea, na Mama Filimbi akajiandaa kuingilia. Haikuwa lazima. "We, mbona unafumba macho?" mvulana aliuliza. "Ufungulie macho, haukuli!"

Mama Filimbi alikuwa amemfundisha mtoto yule kwa miaka miwili, naye hakuwahi kuliona jambo hilo. Aliliandika papo hapo kwa penseli: hufumba macho mpira unapokuja. Alizoea kusema kwamba siku ile ndipo alipoelewa kwa nini nyanja ni tatu na mtoto ni mmoja. Hofu ilikuwa ya safu ya tatu, lakini ilikuwa ikiangusha mipira katika safu ya kwanza. Kwa kipindi kilichofuata alileta mpira laini wa matambara, akawaweka wawili wawili, hatua tatu tu kati yao, kila mmoja akimwita mwenzake.

Alhamisi ya mwisho ya mwezi fundi alifunga duka mchana, akaja kusimama nje ya uzio. Alikaa pale kipindi kizima. Mpira mmoja ulimfikia binti yake, jina lake likiitwa kwa nguvu kutoka upande wa pili. Aliudaka, akageuka, akamwita mwingine. Hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu mchezo ulikuwa ukiendelea. Tulipoangalia tena kwenye uzio, fundi alikuwa ameondoka.

Jibu lake lilikuja Jumanne, begani mwa binti yake. Ulikuwa mfuko wenye tepe arobaini za rangi tano, zilizokatwa kutoka kwenye mabaki ya vitambaa na kukunjwa pindo kwa mkono wa mtu anayejua kazi yake. Vizibo vya soda vilistaafu siku hiyo.

Mtoto yule hakuwa nyota. Hakuchaguliwa kwenye timu ya shule hata mara moja. Alicheza kila Jumanne na kila Alhamisi mpaka alipomaliza darasa la saba, na hayo yalitosha. Tangu wakati huo maandalio ya Mama Filimbi yalianzia kulia kwenda kushoto, na walimu wapya waliodhani amekosea kujaza fomu walielezwa sababu. Wengi wao sasa hujaza hivyo hivyo.

Wiki iliyopita alinikabidhi orodha ya vifaa vya stoo. Mipira kumi na sita, pampu mbili, moja mbovu. Tepe thelathini na tisa. Pembeni ameandika: "Mmoja uko kwa mwenyewe, binti wa fundi." Pamoja na orodha alileta andalio la somo la kwanza la Julai, atakalolifundisha mwalimu atakayempokea. Safu ya kwanza na ya pili zimejazwa kwa mwandiko wake ule ulionyooka. Safu ya tatu ameiacha wazi, isipokuwa maneno mawili ya penseli: "Watazame kwanza." Katika miaka yangu yote ofisini sijawahi kuidhinisha andalio lenye safu tupu. Hili nimelipigia mhuri bila sahihisho.

Mama Filimbi, walimu wenzako, wafanyakazi na wanafunzi tunakushukuru. Tunamshukuru mumeo na wanao, ambao wanasema kwamba nyumbani nako waliitwa mezani kwa filimbi. Tunakuombea afya, mapumziko uliyoyafanyia kazi, na wajukuu wenye mbio kukuzidi. Miaka ijayo, atakapokuja mtu kufungua kumbukumbu za shule hii na kuuliza kama mwalimu yule wa michezo yumo humu, jibu atalipata uwanjani, siku ya Jumanne, kwa kusikiliza watoto wanavyoitana kwa majina.