Kilio ya Mutu Muzima

Ndugu zangu, bamama wa kikundi, na nyinyi batata, baba zetu, wenye mumekuja kutusikiliza leo, amani ikae na sisi wote. Muliniomba niseme namna nilianguka na namna nilisimama. Nitasema. Lakini nawaambia mapema, mutu wa kusifu mu hii habari si mimi. Ni mama mudogo wangu, ndugu ya mama yangu, mwenye alinilea kule ng'ambo ya ziwa. Jina yake sitaitaja, juu hapendi jina yake itembee mu midomo ya batu. Bamoja wenu munamujua. Naona munacheka tayari.

Bon. Wakati tulikimbia vita, mimi nilivuka na batoto, yeye alikataa. Ziwa ilimumeza bwana yake, na tangu ile siku alisema hatapanda bwato mpaka afe. Alibaki Kilwa, ile ya Kongo, na shamba yake ya mihogo. Na mimi ni mukimbizi, naishi kwa karatasi, siwezi kuvuka kurudi kule namna roho inataka. Kwa hiyo kitu chenye kilibaki kati yetu sisi wawili ilikuwa telefone.

Inite, salio ya telefone, za kuita inchi ingine ziko bei, munajua. Sisi tulikuwa na desturi yetu. Kila siku ya Mungu, jumapili, kisha ibada, yeye ananibipe: telefone yangu inalia kidogo, anakata. Maana yake, niko muzima. Na mimi namurudishia bipe: na mie niko. Basi. Hatusemi neno na hatulipi kitu. Kuna wiki zenye nilikuwa nimechoka na maisha kabisa, lakini ule mulio mufupi ulikuwa unanipa nguvu ya kuanika chisense, zile samaki ndogo, mpaka siku ya Mungu ingine. Nyinyi mulikuwa munaniona nimesimama inje ya kanisa na telefone mu mukono, mukafikiri nimepata bwana mupya.

Alor, ile wakati nilikuwa nimekwisha kuhama kambi ya bakimbizi, nimekuja huku Zambia pembeni ya ziwa, njia ya kwenda Chienge, juu ya kazi ya samaki. Na huku munajua shida yetu. Maji iko wazi, hakuna mulima wa kuzuia kitu, rezo, mutandao wa telefone wa Kongo, inavuka ziwa inakuja kuingia mpaka mu nyumba zetu. Telefone inaacha rezo ya hapa, inashika ya kule, na inite zako zinakwisha hata hujamusalimia mutu. Bamama wa soko bakanishauri: ingia ndani ya telefone, uikataze kujichagulia rezo, chagua wewe mwenyewe kwa mukono, kiisha uifunge hapo. Shauri ilikuwa nzuri. Mubaya ilikuwa mwenye kuchagua.

Nikafungua. Majina ya rezo ikapangana pale, na mimi kusoma kwangu ni Biblia ya Kiswahili tu. Basi nikachagua namna nachagua samaki: nikashika yenye ilinona. Ilikuwa na misitari yote, imepanda mpaka juu. Ingine ilikuwa na musitari mumoja, tena mwembamba. Telefone ikaandika maneno fulani ya Kingereza kwenye kioo, nikafikiri inanishukuru. Nikafunga, nikarudilia kazi yangu, roho baridi.

Ndugu zangu, ile yenye ilinona ilikuwa ya Kongo, si ile ya kula inite, ni ingine. Na kadi yangu ya Zambia haikuwa na ruhusa ya kuingia kule. Telefone ikakaa inje ya mulango ya batu, hawaifungulii, na kurudi kwao haiwezi, juu mimi mwenyewe niliikataza.

Siku ya Mungu ikafika, hakuna bipe. Nikasema, labda batri yake imekwisha. Ingine ikafika, kimya. Nikanunua inite, nikaita: ikafanya tu-tu-tu, ikakata. Nikatuma neno na mutu wa biashara ya samaki mwenye anavuka. Akarudi, akaniambia alikuta mulango imefungwa, hakuna mutu wa kuuliza, na mu ule muji ugonjwa ya kuhara ilikuwa inapita. Na mimi kila nikiangalia telefone naona misitari imejaa. Nikajiambia, rezo iko. Kama rezo iko na yeye haiti, basi ni yeye hayuko.

Hapo njo nilianguka. Nasema wazi mbele yenu. Chakula nilikataa, samaki niliacha zikaoza juu ya muchanga, na Mungu nilimukasirikia. Yule mama alinilea, na mimi sikumuzika. Nani alimuosha? Nani alimufunika? Sikuwa hata na kaburi ya kwenda kukaa.

Nyinyi bamama mukakuja. Mukasema, mutu hawezi kubaki na kilio ndani ya tumbo, tuifanye hapa, Mungu ataifikisha. Mukaleta unga, kuni, sombe ya majani ya mihogo. Jirani zangu Babemba mukaleta samaki, mukakaa chini na mimi kwenye mukeka, mukamulilia mutu mwenye hamukumuona hata siku moja. Ile siku sikuweza kusema asante. Leo nasema.

Sasa musikie. Ilikuwa asubuhi, tunaimba, chungu iko juu ya moto, nikasikia mwanamuke analia kutoka barabarani. Kulia ya kweli, ile ya kujitupa. Munajua desturi: mugeni wa kilio akifika anapiga sauti, na mwenye kilio anatoka kumupokea. Nikatoka, kitambaa mu kichwa, nalia jina ya mama mudogo. Na yule mwanamuke anakuja amejifunga kikwembe nyeusi, analia jina yangu.

Tulikutana pale kwenye kuni. Yeye akanyamaza. Mimi nikanyamaza. Benye balikuwa banaimba bakanyamaza. Mama mumoja wa kikundi hiki, sitamutaja, alikimbia na mwiko mu mukono, na mpaka leo hajatuambia alikuwa anaenda wapi.

Mama mudogo akanishika uso na mikono yote mibili, akanibonyezabonyeza mashavu.

"We uko mutu, ao uko nini?"

"Niko mutu, mama."

"Sasa ni nani amekufa hapa?"

"Ni wewe, mama."

Akakaa chini palepale. "Bon," akasema. "Mie nimekuja kukuzika wewe."

Kumbe na yeye kule kila siku ya Mungu alikuwa ananibipe. Badala ya kulia kama zamani, telefone ilikuwa inamusemesha Kingereza, inakata. Bipe yangu hairudi. Akajua mutoto wake amekwisha. Akafunga mulango, akaenda kulala shambani, akachimba mihogo, akauzisha, akapanda bwato. Yule mama mwenye alikataa kuvuka hata wakati wa vita. Alifunga macho kutoka Kilwa mpaka Kashikishi, bandari yetu ya huku, mwenye kuendesha motere akafikiri amelala. Pale bandarini akauliza nyumba ya mama Mukongomani wa chisense. Bakamujibu: kule, kwenye kilio. Sasa mungetaka aamini nini? Akajifunga kikwembe yake palepale, akaanza kulia.

Nikamuuliza, "Mama, na ziwa hukuiogopa?"

"Niliiogopa sana," akasema. "Lakini nikufikirie umezikwa na batu wenye hawajui hata wimbo wenye unapenda? Hapana."

Ndugu zangu, mimi nimeona batu wakubwa, bachungaji, bakubwa ba kambi, hata bazungu benye balibeba mihuri mingi. Sijaona mutu kama huyu.

Kiisha akatoa telefone yake, akaniita mbele ya batu wote. Yangu haikulia. Mama mumoja wetu, mwenye anauzisha inite pale sokoni, akaichukua, akaangalia ndani.

"Nani alichagua hii rezo?"

"Mimi."

"Juu ya nini?"

"Ilinona."

Hakunicheka, na namushukuru kwa ile. Alingojea mpaka nimegeuka. Akarudisha ile ya hapa, yenye musitari mumoja mwembamba, akaweka telefone kwenye mukeka. Ikatulia kidogo. Alafu ikaanza kutetemeka. Ujumbe moja, ingine, ingine: hii namba ilijaribu kukuita. Ikatetemeka mpaka ikasogea yenyewe juu ya mukeka.

Mama mudogo hasomi. Akauliza, "Ni nani huyo anakusumbua hivyo?"

"Ni wewe, mama." Nikaiweka mu mikono yake ingali inatetemeka, na pale njo tulilia kulia yenye ilikuwa yetu.

Chungu ilikuwa imeiva. Mukaulizana, chakula ya kilio tuifanye nini. Yeye akasema tukule, ni batu wangapi balipata kuonja kilio yao wenyewe? Akakula bukari, ule ugali wenu, akaongeza, akalalamika kwamba sombe haikuwa na mafuta ya kutosha kwa mutu kama yeye.

Asante kwenu bamama, mulibeba uzito wangu bila kuuliza. Natotela mukwai, jirani zangu. Asante kwa mama wa inite. Na Mungu, mwenye nilimukasirikia bure, asante. Fundisho yangu ni ndogo: telefone ikinyamaza, ni telefone imenyamaza. Mutu, umutafute kwa miguu.

Siku ya kurudi kwake nilimusindikiza bandarini. Akaniambia, "Ikinyamaza tena, usinililie. Kuja uangalie."

Nikamwambia, "Mama, unajua karatasi yangu hainiruhusu kuvuka."

Akapandisha kikwembe, akaingia mu bwato. "Alor," akasema, "nitakuja mie."