Mdhamini wa Pili wa Malimi

Mwaka wa hamsini na nane, kijiwe cha Mabatini kilikuwa benchi moja tu la mbao, na benchi hilo lilikuwa na sheria yake: ukiinuka kwenda kujisaidia, mwenzio anakukalia nafasi mpaka urudi. Nafasi ya Malimi, fundi baiskeli, ilikuwa wiki ya tatu sasa inakaliwa na kikombe. Askari walimchukua bila kumsomea shitaka lolote, na kila asubuhi Mzee Mbaruku, muuza kahawa, alimiminia kikombe kile na kukiweka pale pale. Mzee alimpenda Malimi, na siku hizo domo la benchi lilikuwa limeanza kumchosha.

— Wakili kapeleka maombi mawili, alisema Shaibu, waliyemwita Bwana Sheria kwa kuwa aliwahi kufagia mahakamani. La kwanza, serikali ije kwa jaji iseme kwa nini imemfunga. Hilo litasikilizwa mwezi ujao. La pili, wakati wa kungoja, Malimi angojee kwake.

— Hapo wakili kajichanganya, alidakia Venant Redio, ambaye redio yenyewe hana, husikilizia dirishani kwa Mhindi. Akitoka, jela haina mtu. Jaji atauliza, mnamlilia nani?

— Ndiyo maana wanataka wadhamini, bwana! Mdhamini anaingia kumkalia nafasi.

— Kama hapa benchini?

— Kama hapa hapa. Serikali imeiga kwetu.

— Afadhali siku hizi, alisema Chenge Mjerumani, ambaye baba yake aliwabebea Wajerumani mizigo. Enzi zile mdhamini alichapwa viboko ishirini na tano kabisa, viwe akiba. Kosa likipatikana, viboko tayari.

— Na lisipopatikana? aliuliza Mbaruku.

— Unabaki navyo.

— Redio ilisema Nairobi mdhamini mmoja alisahauliwa ndani, alisema Venant. Kutoka, mkewe kaolewa na yule mshitakiwa aliyemdhamini!

Walicheka mpaka benchi likalia.

— Hata hivyo, mimi kwa Malimi ningekufa, alisema Chenge.

— Mimi ningekufa mara mbili, alisema Shaibu.

Ndipo alipofika Dorotea, mke wa Malimi, miguu imejaa vumbi la njia ya Buhongwa.

— Shikamoo Mzee Mbaruku. Hamjambo, shemeji zangu?

— Marahaba, mama. Habari za huko mahakamani?

— Jaji amekubali! Anataka watu wawili wanaojulikana mjini, waweke dole gumba kabla ya saa sita, kwamba siku ya kesi Malimi atarudi. Basi. Wasipopatikana, anakaa ndani mpaka mwezi ujao.

— Na viboko? aliuliza Chenge.

— Viboko gani, shemeji?

Venant alikuwa ameshakunja ngumi, gumba likiwa ndani. Shaibu alikumbuka kwamba ana mgonjwa wa kumtazama huko Nansio, ng'ambo ya ziwa.

Mbaruku aliona aibu, kana kwamba ni yeye aliyesema yote yale. Akasimama, akapangusa mikono kwenye kanzu.

— Mimi ni wa kwanza. Askari wote wa mji huu wananywa kwangu, wananijua.

— Ahsante, mzee, alisema Dorotea, akawageukia wale watatu. Na wa pili ni nani?

Chenge akanyoosha kikombe chake kuomba kahawa. Mbaruku akaliinamisha birika. Halikutoa hata tone. Akakiinua kikombe cha Malimi, bado cha moto, akakiweka katikati ya benchi.

— Imebaki hii. Anywe wa pili.

Hakuna aliyekigusa kikombe kile. Saa nne ilikuwa imeshapita.