Sumaku Iliyoyaona Mapafu ya Libérate

Kijiwe chetu cha huku ughaibuni kipo nje ya kituo cha treni cha Akalla, kwenye benchi la karibu na duka la maua. Jumamosi moja ya mwaka 2011, Bethuel, fundi wa lifti tunayemwita Injinia, alikuwa akimimina kahawa. Zénon, ambaye kwa kupenda habari tulimbatiza Redio, hakusubiri hata mwenzetu Gratien akae. Mke wa Gratien, Libérate, alikuwa amepimwa hospitalini kwa ile mashine kubwa ya sumaku.

— Tuambie, shemeji wamemwona na nini? aliuliza Redio.

— Mishipa ya damu ya mapafu, alisema Gratien. Imebana. Moyo unasukuma kwa shida mpaka upande wa kulia umetanuka.

— Bila kumpasua?

— Hata kumkwaruza! Alilala mle ndani, mashine inagonga kama wachimba barabara, anaambiwa bana pumzi, achia. Kisha daktari akatuonyesha kwenye skrini damu inavyotoka moyoni kwenda mapafuni. Jamani, nimeuona moyo wa mke wangu ukidunda.

Injinia alimpa kikombe.

— Ni chuma hicho, alisema Injinia. Damu ina chuma, sumaku inaivuta.

— Basi mla maharage, na yana chuma tele, atanata ukutani!

— Wee Redio, cheka tu, alisema Injinia. Mimi nasikia inaona mpaka hasira.

— Kama ni hivyo waifunge mlangoni mwa kanisa, tujue nani anaimba kwa moyo na nani anafuata chai!

Gratien alicheka naye, halafu akatulia.

— Mimi ile mashine nimeivulia kofia. Baadaye walimpitishia mrija hadi moyoni, wakapima presha, wakathibitisha. Sasa anameza dawa. Jana amepanda ngazi za kwetu bila kusimama. Nilimfuata nyuma, machozi yananitoka.

— Mungu mkubwa, alisema Injinia. Na hao madaktari, heko zao.

Pembeni alisimama Elieshi, dada wa Kitanzania aliyehamia mtaani wiki ile. Injinia alikuwa amemkaribisha kikombe.

— Shikamooni. Samahani kuwaingilia. Huyo mama, kabla ya mashine, mwenyewe alikuwa anasemaje?

— Alikuwa anasema hapati pumzi, alijibu Gratien. Miaka miwili.

— Na ninyi mlikuwa mnamwambia nini?

— Kwamba ni uvivu tu, alisema Gratien.

Redio alimtazama Injinia. Injinia akafunga chupa ya kahawa. Gratien aliweka kikombe chini, kahawa bado inatoa moshi, akainuka na kuelekea nyumbani.